Verediana na Mitungi ya Ihefwe

Verediana hakuwa mtu wa kubisha hodi. Umekaa nyumbani kwako unapepeta mahindi, au umevua nguo unajipaka mafuta, mara unamwona yumo ndani, amesimama na fimbo yake, hata salamu hakuna. Anakwenda moja kwa moja kwenye mtungi, anaufunua, anaunusa, anachota kata moja ya maji na kunywa yeye kwanza. Halafu anatulia, anasikiliza tumbo lake. Akiridhika ndipo anakusalimu, "Kamwene." Wanawake walioolewa kwetu kutoka mbali walimwona hana adabu. Wengine walimwita mchawi, maana bibi kizee mwenye mdomo hakosi jina hilo. Mimi nikimsikia mtu akilitamka, mkono ulikuwa unaniwasha, na wawili watatu niliwazaba kofi kweli, wala sijutii.

Siku ya mitungi mimi nilikuwa sijazaliwa. Mama yangu alikuwapo, na mtungi wake ulikuwapo, nao ndio uliovunjwa wa kwanza. Ninayoyasema nimeyapata kwake, na mengine kwa Evarista, wifi yake Verediana, ambaye hakuwa na sababu hata moja ya kumsifu Verediana.

Ihefwe ni kijiji cha milimani upande wa Iringa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Sao Hill. Maji yetu yote yalitoka kwenye chemchemi moja, bondeni chini ya miwanzi. Ukoo wa Kalinga ndio uliolinda chemchemi hiyo tangu zamani, na baada ya mzee Kalinga kufa, kazi ilimwangukia binti yake mkubwa, Verediana. Alikuwa mjane. Mumewe, Didas, aliangukiwa na gogo kwenye msitu wa Wazungu kabla hawajapata mtoto. Aliyebaki naye duniani ni mdogo wake, Jailos. Mama yao alikufa siku ya kumzaa huyo Jailos, na Verediana, msichana mwenyewe bado, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka alipoota meno na kuanza kumng'ata mabega.

Mwiko wa chemchemi ulikuwa mmoja: chombo chenye masizi hakigusi maji yale. Ukitumbukiza sufuria uliyotoa jikoni, unatoa kuku. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya wazee, ila Verediana aliongeza ya kwake: kabla ya kuku, unatoa damu. Alimpiga mke wa katekista mpaka shanga za rozari zikatawanyika kwenye tope. Alimkuta tarishi wa jumbe anaosha baiskeli majini, akamtwanga kwa pampu yake mwenyewe, akairusha baiskeli kwenye miiba. Watu walimchukia, nao walikunywa maji safi. Hayo mawili yalikwenda pamoja miaka mingi.

Halafu, mwaka wa hamsini na sita, serikali ilileta josho. Kila mwenye ng'ombe alilazimishwa kuwaogesha kila wiki ili kupe wafe. Bwana mifugo, Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, alikuja barazani na mkalimani wake akasoma sheria. Nimeambiwa zilikuwa sheria nzuri. Josho lisijengwe juu ya maji ya watu. Matope yake yafukiwe kwenye shimo lenye uzio. Ng'ombe wanyweshwe kwanza ndipo waogeshwe, kwa sababu dawa ile ni sumu, na ng'ombe mwenye kiu ataibugia. Sheria ilisomwa, ikakunjwa, ikarudi Bomani. Josho lilijengwa juu kabisa ya chemchemi, kwa kuwa lori la saruji lilikwama pale na dereva akakataa kwenda mbele.

Verediana alisimama barazani. "Bwana, sheria umeisoma wewe mwenyewe," alisema. "Maji yetu yako chini ya josho lako."

Mkalimani alinong'ona, Bwana akajibu, mkalimani akageuka. "Bwana anasema hii ni saruji. Saruji haivuji."

"Haivuji," alisema Verediana, "lakini inavunjika."

Jumbe alimwamuru akae. Alikaa. Kesho yake alikwenda kuwapiga mawe mafundi, akampasua mmoja kichwa, akawekwa ndani kwenye lokapu ya baraza. Alipotoka josho lilikuwa limekwisha kujengwa, limejaa dawa, na mlinzi wake, Marcelino, amepewa kofia.

Mwaka wa kwanza ulipita na manung'uniko tu. Shida ilikuja mwaka wa hamsini na saba, na ililetwa na chumvi. Watu wetu wana desturi ya kuwapeleka ng'ombe kulamba udongo wa chumvi kule bondeni, mbali, safari ya kwenda na kurudi. Wakirudi wana kiu ya ajabu. Wiki ile siku ya chumvi ilitangulia siku ya josho, na wachungaji, kwa kuogopa kuchelewa na kupelekwa barazani, waliwaswaga ng'ombe moja kwa moja mpaka joshoni. Marcelino hakuuliza kama wamekunywa maji. Ng'ombe walirukia ndani ya dawa, wakainamisha vichwa, wakanywa. Jioni walikuwa wamelala wameumuka matumbo, miguu juu. Jailos peke yake alipoteza madume matatu aliyoyaweka kwa ajili ya mahari ya mwanawe. Alikaa katikati ya mizoga akalia mbele za watu, mtu mzima. Alipomaliza kulia alikwenda kunoa shoka.

Siku ya josho iliyofuata wanaume walikuja bila ng'ombe. Walikuja na mashoka, majembe na nyundo za kupasulia mawe, wameshakunywa ulanzi, pombe ya mianzi, asubuhi ile. Marcelino aliwaona, akavua kofia, akaitupa, akakimbia kuelekea barabarani. Kelele zilimfikia Verediana akiwa anatwanga. Alipanda mlima na mchi wake mkononi, akawatangulia, akasimama juu ya ukuta wa josho, ule wa upande wa bonde.

Jailos alikuwa mbele ya wenzake. "Dada, toka," alisema. "Wewe ndiye uliyelichukia kabla yetu sote."

"Nalichukia hata sasa. Lichukieni likiwa zima. Mkilivunja mtalinywa."

"Ng'ombe wangu wamekufa."

"Ng'ombe ni watatu. Chini kule kuna watu. Nusu shari ni heri kuliko shari kamili, Jailos. Rudi nyumbani."

Watu wengine walicheka. Mmoja alisema Verediana amehongwa na bwana mifugo, mwingine akasema zaidi ya kuhongwa, na hapo pakachafuka. Aliyesema zaidi ya kuhongwa alipanda ukutani kwanza, akapigwa mchi wa mdomo na kuanguka kwenye dawa. Walimtoa anatapika, meno hana. Wa pili alipigwa magoti. Wa tatu alishika mguu wa Verediana, akamvuta, akamwangusha ukutani, naye akiwa chini alimng'ata kidole mpaka mfupa. Mama yangu aliniambia alisimama mbali, na alichokiogopa zaidi ni kwamba Verediana hakupiga kelele yoyote. Alikuwa anahema tu na kupiga.

Jailos aliinua shoka juu ya saruji. Verediana aliinuka, akamwita jina, na alipoona haachi, aliupiga mchi kwenye mkono wa mdogo wake kwa nguvu zake zote. Mfupa ulitoka nje ya ngozi. Damu iliruka ikamwingia Verediana machoni, na watu wote waliiona. Jailos alikaa chini polepole, ameushika mkono wake, anamtazama.

Labda angeshinda, maana kwa kitambo hakuna aliyesogea. Lakini yeye mwenyewe alikuwa anaitazama ile damu, na mtu aliyekuwa nyuma yake alimpiga kwa mpini wa jembe kisogoni. Akaanguka. Walimpiga teke walipopita, wakaupiga ukuta mpaka ukapasuka, na dawa yote ya josho ikatelemka bondeni na mavi ya ng'ombe, na povu, na harufu yake kali. Walishangilia. Serikali iliyowaua ng'ombe wao ilikuwa imetobolewa tumbo.

Asubuhi ile chemchemi ilikuwa tope jeusi, hakuna aliyeigusa. Mpaka saa za adhuhuri tope lilikuwa limetua. Maji yalirudi kuwa meupe, unaona changarawe chini. Wanawake walioshinda na kiu, na waume zao wenye kichwa cha ulanzi wanadai maji, walijitwisha mitungi wakaenda kuchota. Nani alifikiri? Macho yanaona maji safi, na mlinzi wa maji amelala mlimani na kisogo kimevimba. Hakuna wa kumtoza mtu kuku.

Verediana alizinduka jua limeshapinda. Alitelemka kwa matako sehemu nyingine, kwa mikono sehemu nyingine. Kando ya chemchemi vyura walikuwa wamepinduka, matumbo juu, wengi, na wengine bado wanarusha miguu. Ardhi yenyewe ilikuwa na alama za matako ya mitungi, na alama zilikuwa mbichi. Akaokota mchi wake.

Mama yangu alikuwa ametua mtungi ndani, hajachota hata kata. Mlango ulisukumwa. Aliona mtu mwenye uso wa damu kavu, mchi ukaja, mtungi ukapasuka na maji yote yakamwagika mpaka uani. Mtungi ule aliupata kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Alimrukia Verediana, akamng'ata sikio, akamchana shavu kwa kucha. Verediana alimsukuma ukutani na kutoka. "Maji yamekufa," alisema, basi, akaingia nyumba ya pili.

Hivyo ndivyo alivyokwenda kijiji kizima. Anaingia, anavunja, anapigwa, anatoka. Alivunja mitungi ya maji, alipindua vyungu vilivyokuwa jikoni, alitoboa vibuyu. Wanawake walimfuata na michi yao na vigae, wakampiga mgongoni, wakamvua nguo ya juu, naye akaendelea kifua wazi. Wanaume walisema ni lile pigo la kisogoni, amerukwa na akili. Katekista alijaribu kumzuia mlangoni kwake na msalaba. Alipigwa kikumbo, akamwangukia mkewe, na mtungi wao ukavunjwa kama ya wengine. Hapakuwa na nyumba aliyobishia hodi. Hapakuwa na mtu ambaye yeye alimwogopa wala kumheshimu, mkubwa kwa mdogo.

Kule kwetu mama yangu alikuwa bado analia juu ya vigae vyake alipomwona kuku aliyekunywa lile dimbwi la uani. Kuku alikuwa anazunguka, shingo imepinda. Alianguka, akapiga mabawa, akafa. Mama alitazama mikono yake. Halafu alichukua mchi wake mwenyewe, akaenda upande wa kijiji ambao Verediana hajafika, akaanza kuvunja mitungi ya rafiki zake. Yeye naye alipigwa, na kovu la paji la uso alikwenda nalo kaburini.

Ilibaki nyumba ya Jailos, pembeni, yenye ua wa mabanzi.

Sasa hapa ndipo wageni hawanielewi ninaposimulia, kwa hiyo nitasema wazi. Kwetu Ihefwe, ndugu wa tumbo moja akimwaga damu ya mwenzake, hakanyagi ua wake mpaka mbuzi achinjwe na wazee wawapatanishe. Akikanyaga kabla, yule aliyemwagwa damu atakufa. Siyo aliyemwaga, bali aliyemwagwa. Padri alisema ni upuuzi, lakini padri hakuwa na ndugu Ihefwe. Verediana alikuwa Mkatoliki wa kupokea komunyo kila Jumapili, na jambo hili aliliamini kuliko padri alivyoiamini misa.

Alikuja mbio mpaka kwenye uwazi wa ua, akasimama. Vidole vya miguu viliishia pale mabanzi yalipoishia. Jailos alikuwa amelazwa uani juu ya ngozi, mkono umefungwa kwa vijiti, midomo imekauka kwa homa. Evarista, mkewe, alikuwa anampepea. Mtungi ulikuwa kivulini, karibu yao, umefunikwa kwa ungo.

"Hodi," alisema Verediana.

Evarista alinyanyua macho. Aliona kifua wazi, damu, mchi uleule. "Hapa hakuna karibu ya mtu aliyemwaga damu," alisema.

"Sitaki karibu. Mwaga hayo maji, wifi."

"Umemvunja mkono. Sasa umekuja kumnyima maji?"

"Maji yamekufa. Vyura wamekufa wote. Mwaga, wifi yangu. Nakuomba."

Mtu yeyote wa Ihefwe angekwambia kwamba Verediana haombi. Evarista alisema neno lile ndilo lililomtia hasira zaidi, maana alidhani anadhihakiwa. Akaondoa ungo, akachota kata ikajaa, akaenda nayo kwa mumewe polepole, anamtazama wifi yake njia nzima.

Verediana aliokota jiwe akalirusha kwenye mtungi, likakosa. Akarusha jingine, likampata Evarista juu ya jicho na kumpasua, lakini kata hakuiangusha. Akaurusha mchi. Mchi ulipita juu ya kichwa cha Jailos ukagonga ukuta wa tembe. Mikono yake ikawa mitupu, na kati yake na mdogo wake palikuwa na hatua ambazo mtoto angezivuka. Alipiga magoti penye uwazi ule, akashika mabanzi mkono huu na huu, akayatikisa. "Jailos," alisema. "Baba. Usinywe. Mimi ndiye nakwambia."

Jailos alimtazama. Alikuwa amevunjwa mkono na mtu aliyemlea, na kiu ilikuwa inamuua. Alichukua kata kwa mkono mzima, akanywa yote, akaomba nyingine.

Mama yangu alifika wakati kata ya pili iko tupu. Yeye aliingia, akavunja mtungi, lakini alikuwa amechelewa.

Jailos alianza kutapika kabla jua halijazama. Alitapika maji, halafu nyongo, halafu damu, na misuli ya miguu ikawa inamkaza mpaka akawa anapiga kelele za kuomba wamkate. Waliosikia wanasema zilifika ng'ambo ya bonde. Verediana hakuondoka kwenye uwazi wa ua. Alikuwa anayasikia yote akiwa amepiga magoti palepale, na hakukanyaga ndani, kwa kuwa bado alitumaini, na aliogopa kukanyaga kwake ndiko kutakakommalizia. Alfajiri kelele zilikoma. Ndipo alipoingia, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kumlinda.

Kijiji kizima, nyumba zote zilizovunjiwa mitungi, alikufa huyo mmoja. Wengine waliwahi funda moja, wakaumwa matumbo, wakapona.

Serikali ilikuja na malori. Askari waliwapiga virungu waliovunja josho na wasiolivunja, wakawapakia wanaume, wakachoma ghala moja kwa sababu ambayo mpaka leo haijulikani. Bwana mifugo alisimama juu ya chemchemi na vichupa vyake, shingo nyekundu kuliko kawaida. Baada ya hapo sheria zilitoka tena kwenye makaratasi, zilezile, ila safari hii zilifuatwa. Josho jipya lilijengwa mbali, chini ya kijiji, na shimo la matope na uzio wa waya, na mlinzi aliyeuliza kila mchungaji kama ng'ombe wamekunywa. Chemchemi ilifungwa mpaka mvua mbili zipite. Mtu wetu mmoja alitosha kuifanya sheria ishuke kutoka Bomani mpaka mlimani. Nikisikia watu wakiisifu serikali ile kwa kujali maji, natamani wangemsikia Jailos.

Siku ya mazishi Evarista alimvamia Verediana kaburini. Alimpiga ngumi, akampiga teke, akashika jembe la kufukia akampiga nalo begani mpaka wanaume wakamnyang'anya. Verediana hakuinua mkono. Alikuwa amesimama anapokea. Evarista alipochoka ndipo aliposema maneno ambayo kila mtu aliyekuwapo aliyabeba nyumbani.

"Kwa wote uliingia. Kwa katekista uliingia. Kwetu tu ndiko ulikobisha hodi."

Verediana aliishi miaka mingi baada ya hapo, mpaka mimi nikamjua. Hakuanza tena ugomvi na mtu kwa mchi. Kitu alichobaki nacho ni kile nilichowaambia mwanzo. Nyumba ya kwanza kuiingia kila asubuhi ilikuwa ya Evarista. Anasukuma mlango, anapita katikati ya watu, anaufunua mtungi, anakunywa, anasubiri. Evarista hakumwambia karibu hata mara moja, wala hakuufunga mlango. Nilipokuwa mwali niliwahi kumuuliza kwa nini hauwekei mlango komeo kama anamchukia hivyo.

"Aingie," alisema Evarista, na akaendelea kuchambua maharage.